Betri ya Kumi na Tisa

Betri ya Börje ilipasuka Februari, na mimi nilisimama nikaitazama. Ufa ulianzia kwenye pembe, ukateremka hadi chini, mwembamba kama uzi wa cherehani, na ndani yake barafu ilikuwa imetuna. Nje ya banda bahari yote ilikuwa imeganda. Mtu angeweza kwenda kwa miguu hadi kisiwa cha pili. Nikafunika kisanduku cha betri kama nilivyokikuta, nikarudi chumba kinachopashwa joto na jiko kuendelea na za watu wengine.

Kijijini kwetu boti hupandishwa nchi kavu Oktoba, na betri zake hukabidhiwa mwenye banda. Yeye huzitoa, huzipanga kwenye chumba chenye joto, na kila mwezi huzitia chaji. Betri iliyojaa haiogopi baridi. Iliyokwisha huganda na kufa. Kazi hiyo Börje aliifanya miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kwenda kuchungulia.

Miaka mitatu kabla ya ule ufa, mume wangu Runar alitoka asubuhi ya Mei kwenda kutega nyavu. Injini ikazimika katikati ya njia ya meli. Alipojaribu kuiwasha, betri haikutoa hata mkoromo. Upepo ukamsukuma kwenye miamba, na maji ya Mei kwetu bado ni baridi ya kuua, hayana subira na mtu.

Fundi aliyeikagua boti alisema betri ilikaa tupu msimu mzima, ikaharibika ndani, kisha ikatiwa chaji ya siku moja ili ionekane nzima. Lakini nani angethibitisha? Siku ya mazishi Börje alisimama katikati ya watu, kikombe cha kahawa mkononi, akasema kwa sauti ya huruma: "Runar alikuwa mtu mzuri, ila msahaulifu. Bila shaka aliacha redio inawaka."

Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nikaendelea kukata mkate.

Kwa hiyo Börje alipoanguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, na banda likakosa mtu, nilijitolea.

"Wewe, Gunnel?" mkewe Disa aliniuliza kwenye simu.

"Mimi. Kazi naijua."

Niliijua kama mzazi anavyoujua ugonjwa uliomuulia mwanawe. Betri kumi na nane nilizilea: nilizifuta, nikazipima, nikazichaji kila mwezi. Ya kumi na tisa, ya Börje, niliiacha ndani ya boti yake, nikawasha taa ndogo ya ndani iinyonye chaji yote, nikaenda zangu. Sikutaka afe baharini. Betri iliyopasuka haimfikishi mtu popote. Nilitaka aibike nchi kavu.

Siku ya kushusha boti kijiji kizima huwa gatini, na soseji hunukia tangu asubuhi. Boti zikanguruma moja baada ya nyingine. Börje alipanda yake kwa taabu, na mkongojo wake, akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Kisha akafunua kisanduku. Mtu wa miaka ishirini kwenye kazi hahitaji kuelezwa ufa ni nini.

"Gunnel," akasema, "hii hukuitoa."

"Ajabu. Labda uliacha kitu kinawaka. Redio, pengine."

Aliyekuwa akigeuza soseji aliacha kugeuza. Börje akakaa kwenye ukingo wa boti, mikono yake haina pa kwenda.

"Ya Runar niliisahau," akasema chini chini. "Tangu Novemba. Nilipoikumbuka ilikuwa Aprili, nikaogopa kusema."

"Sema kwa sauti, Börje. Disa hajasikia."

Akasema kwa sauti.

Nimewasikia wengi wakidai kisasi ni kichungu mdomoni. Changu kilikuwa kitamu, nami nilikitafuna njia nzima hadi nyumbani. Huko nikapika viazi, nikapakua sahani moja, nikala vyote.

Vuli ile betri za kijiji zililetwa kwangu. Börje alifika wa mwisho, ameikumbatia betri mpya, anahema. Akaitua mezani, asijue atazame wapi.

"Utaniwekea?" akauliza.

Niliipima mbele yake, nikaiunganisha na chaja, nikangoja hadi taa ikawaka.

"Funga mlango," nikamwambia. "Joto linatoka."