Sababu ya Joto la Ziada

Mimi ni fundi wa maabara, na kazi yangu ni kuangalia chupa moja. Ndani yake mna maji mazito na kijiti cha madini ya paladi, umeme unapita humo, na chupa yenyewe imekaa kwenye beseni la maji. Miezi minane iliyopita, alasiri ambayo maprofesa wawili walikuja kuitazama kwa mara ya kwanza, beseni lilionyesha joto kubwa kuliko umeme tuliotia. Tangu siku hiyo wakawa wageni wangu wa karibu kila alasiri.

Yule mwenye kipara, niliyempachika jina la Kimiani, alishikilia kwamba atomu za haidrojeni nzito hubanwa ndani ya kimiani, yaani wavu wa atomu za madini, mpaka viini vyake vinaungana, bila moto kama wa jua. Mama mwenye miwani, Bi Nyutroni, alisema huo ni upuuzi mtupu: kwenye uso wa madini huzaliwa nyutroni za polepole, zikaingia kwenye viini vya jirani bila hata hodi.

"Hodi gani, mama? Hesabu zako hazisimami!"

"Zako zilishakufa zamani, profesa. Tunangoja mazishi tu."

Mimi huku pembeni mbavu sina. Niliwapenda, kusema kweli. Tangu mke wangu afariki, hakuna mtu anayeketi karibu yangu akabishana. Nyumbani inayonisalimia ni redio, nayo haingoji jibu.

Wiki iliyopita waliniagiza niwapangie vipimo vyote, wavipeleke kwenye mkutano wa wanasayansi. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonikata maini. Joto lilipanda alasiri tu, tena siku walizokuja. Maana wakiingia, mimi huzima kikorogeo cha beseni. Kina kelele kama mashine ya kusaga, nami nilitaka kuwasikia. Maji yasipokorogwa, yale ya moto hubaki karibu na chupa, palepale kinaponing'inia kipimajoto. Nilijaribu siku tatu, nikiwasha na kuzima. Hakuna kiini kilichoungana na chochote.

Nikikaa kimya, wataumbuka mbele ya wenzao. Nikisema, sitawaona tena. Nilizunguka na jambo hilo siku mbili, kisha nikawaambia.

Walinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini ulikizima?" Bi Nyutroni akauliza.

"Nilitaka kuwasikia vizuri mkiongea."

Kimiani akavuta fomu ya ripoti, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: uzembe wa fundi. Bi Nyutroni akasoma, akaafiki, akatia saini chini yake. Kwa miezi minane, hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana. Liliniuma, maana halikuwa kweli, na sikujua nilikanushe vipi.

Wakakusanya karatasi zao. Walipofika mlangoni nikajikaza, nikauliza, "Kesho mtakuja?"

Bi Nyutroni akageuka. Hakuwa na ubaya wowote, alishangaa tu.

"Kuja kufanya nini, fundi?"