Miguu ya Watoto kwenye Karatasi

…na usicheke, Raihana, ukicheka mguu unacheza na mguu ukicheza mstari unakwenda zake, kalamu haiumi, inatekenya tu, kanyaga karatasi, hivyo, kisigino chini, na Houda amekaa kwenye kigoda mbele yetu, ameushika mguu wa mtoto juu ya kifundo kama mtu aliyeshika kuku wa kuchinjwa, anaongea, tangu tulipomaliza miguu ya Seifu hajafunga mdomo, "kule, wifi, hata imbwa iko na daktari yake," anasema, na mimi kimoyomoyo nasema ndiyo, heri yangu, nitakwenda kupanga foleni nyuma ya mbwa, maana Houda hajavuka hata mto Rusizi, lakini Ubelgiji anaijua kama anavyolijua fundo la kanga yake, anajua barabara zake, anajua maziwa yake, anajua kwamba shule ni bure na kitabu ni bure na kalamu ni bure, na yote hayo ameyatoa kwenye barua za mdogo wake Anouar, mume wangu, ambaye miaka miwili hajawaona wanawe na juzi ameandika karatasi mbili, ya kwanza yote ni sifa za mashine inayofua nguo yenyewe, na ya pili, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama jirani anayeomba chumvi, ndiyo hayo… nitumie miguu ya watoto kwenye karatasi ninunue viatu vya baridi mapema, nikiiona miguu nitajua mmekubali kuja, nitatia saini ya nyumba na kulipia tiketi. Miguu ya watoto. Yangu hakuiomba, ameandika kwamba anaikumbuka, thelathini na nane, na mimi navaa arobaini tangu nilipomzaa Seifu, miaka sita, na mwanamume huyo tumelala kitanda kimoja… "Mama, inaniwasha," tulia mama yangu, bado kidogo. "Umukaze vizuri," Houda ananiambia, kana kwamba mimi ndiye ninayemshika, "Révérien atapita hapa mbele ya magharibi, akikosa bahasha hatangoja, na kesho iko mu ndege." Najua, ndiye atakayempelekea Anouar. Mtaa mzima unajua. Buyenzi hii mtu akipata barua kutoka Ulaya, hata muuza mkaa anajua imeandikwa nini kabla ya mwenyewe, na wote wamekwisha nipimia maisha yangu kama nyama ya bucha, kipande hiki cha kwenda, kipande hiki cha kubaki, mama mkwe amesema niende, shehe amesema mke amfuate mumewe, jana yule mke wa muuza vitambaa ambaye hanisalimii kaja na sambusa nne kwenye sahani ili niwe nimekwisha kumzoea nitakapoanza kutuma makoti, sambusa zenyewe za jana yake, na mimi nikazila, nikasema tamu, maana mimi ndiye huyo, wa kusema tamu.

Na yeye Anouar, anasifu nini? Anasema, hapa mtu hakujui, Mwantum, jirani wa mlango kwa mlango sijui jina lake na yeye hajui langu, hakuna anayeuliza wewe ni wa upande gani, amani tupu… amani, haya, hata chumba cha maiti kina amani hiyo, wamelala mlango kwa mlango na hakuna anayemjua mwenzake. Mwanamume mzima anaandika hivyo kwa wino wa bluu na kujisifu. Sasa nikimpeleka Seifu huko, nani atamwita jina? Hapa risasi zikianza kule mitaa ya juu, Twalibu fundi wa magari anatoka mbele ya garaji yake na mafuta mpaka viwikoni, hakimbii yeye, anaita, "Seifu! Raihana! Mutoto ya Sylvère! Mukuje, mukuje, mbio!" na watoto wote wa avenyu yetu wanateremka kwenye lile shimo lake chini ya gari, na yeye anakaa juu ukingoni, miguu inaning'inia ndani, ili waone viatu vyake wajue kwamba yupo, na anawauliza hesabu, tano na tatu, nane na nne, Seifu alijua kujumlisha kabla hajaanza shule, alijifunzia chini ya Toyota ya mtu. Huko Ubelgiji nani ana shimo? Nani ataning'iniza miguu? Haya… lakini nenda mbele, Mwantum, usikatie hapo panapokupendeza, mseme na huyu Raihana, ana miaka mitatu, wiki jana kishindo kilisikika wakati wa kula, watu wazima tumeacha mikono kwenye sahani, na yeye akamwambia bibi yake, kula, hiyo ni ya mbali, hiyo si grenade, na ikawa kweli si guruneti, na mimi nikacheka. Nikacheka, nikatoka nje nikawasimulia majirani, mwanangu anajua kutofautisha, kama vile wenzangu wanavyosimulia kwamba mtoto ameota jino, na mmoja akasema mashallah. Mashallah! Watu wa namna gani sisi… na redio inasema kila asubuhi utulivu umerejea, kila asubuhi unarejea, huo utulivu unalala wapi hata kila kukicha uwe unarejea? "We unanisikia ao?" Houda, nakusikia wifi. "Mi ninauliza, unaogopa nini? Kifaransa? Mais batoto watajifunza kwa miezi mitatu, na we utajifunza kwao, donc iko nini?" Iko nini. Tazama namna anavyolisema, utajifunza kwao, kama ni asali. Mimi nimefika darasa la sita na nimeondoka na haya tu, je suis, tu es, il est, hapo ndipo ninapoishia, na ninaona wazi kama ninavyoiona karatasi hii, mwalimu mweupe anaandika barua kuhusu Seifu na Seifu ndiye ananisomea, ananisomea anachotaka, na mimi nimekaa kwenye kiti kizuri natikisa kichwa, na Raihana ananinong'oneza dukani, mama usiongee, nitaongea mimi. Hapa naijua bei ya kila kitu na aibu ya kila mtu. Hapa mimi ni binti wa Shakuru fundi viatu, mtu akinikosea adabu sokoni, yuko mzee mmoja atamuuliza, unajua huyo ni binti ya nani? Kwa hiyo sema kweli, si Twalibu, si shimo, si watoto kuitwa majina, au ni hayo pia, lakini chini ya hayo kuna mwanamke anayeogopa kuwa mjinga mbele ya wanawe, na woga huo ameuvisha kilemba akauita mapenzi… Nisemapo Anouar ni mtu wa kujisifu, mimi je, angalau yeye anajisifu kwa wino, watu wanamsoma.

Na sikusema hapana. Ningeweza kusema. Juzi barua iliposomwa walinitazama wote, mama mkwe na tasbihi yake na Houda na macho yale, nikasema inshallah, nikaenda kuchagua mchele. Hapana yangu nimeiweka kwenye kalamu. Houda haoni, hakuna anayeweza kuona isipokuwa fundi, baba yangu angeona akiwa mlangoni, maana yeye alinifundisha nikiwa mdogo, wateja wakija kupimwa ananipa kalamu ananiambia, isimame wima mwanangu, isimame kama mtu anayeswali, ukiilaza ndani inapita chini ya mguu, inakula nyama ya mtu, na kiatu ukishakishona hakiombi msamaha. Nimeilaza. Miguu yote miwili ya Seifu nimeilaza, nusu kidole huku, nusu kidole huku, na sasa huyu, nimetoka kidole gumba nimepita upande wa ndani ambapo mguu una upinde, nimeingia chini kabisa, mstari unapendeza, mguu mdogo mzuri wa mtoto asiyekuwepo. Na kwa nini? Nimekwisha kuiona siku yenyewe, nimeiona jana nzima nikifua, nikaionea raha, tumeshuka, uwanja wa ndege umejaa watu wenye makoti, na Anouar amepiga magoti sakafuni na viatu vipya vyenye manyoya ndani, anasukuma, haviingii, anasukuma, watu wanapita wanatazama, na mimi nimesimama juu yake na mikoba yangu, kimya, na kimya changu kinamwambia, unaona, huwajui wanao, hata mguu wa mwanao huujui. Hiyo ndiyo hapana yangu. Haizuii ndege, haizuii chochote, inamwaibisha mtu mbele ya wapita njia, ndivyo ninavyopigana vita mimi, kalamu imelala ubavu… na katika kuiona hiyo siku jana, mara zote niliishia kwenye uso wa Anouar. Sikumtazama Seifu. Sasa namtazama. Amekaa kwenye benchi, ananyoosha mguu, na kiatu kimekataa, na yeye anakisukuma mwenyewe, anakunja vidole ndani ili baba asione haya, anasema kimeingia. Atasema hivyo. Ni yeye. Seifu hasemi linalomuuma, kule mtaa wa Mutakura tulikokuwa tukikaa alikanyaga vioo hakusema, mwaka jana, asubuhi ile ya ville morte, siku mji ulipofungwa kwa nguvu, tulipotoka tukiwa na nguo tulizolalia, Raihana mgongoni na Seifu mkononi, miguu mitupu, nyuma yetu nyumba zinavunjwa milango, na mimi namvuta nasema haraka, na yeye anakuja, hasemi, nyumba ya tano au ya sita nikaona alama nyuma yetu kwenye vumbi, nyekundu, moja moja, ya mguu wa kulia tu. Tukawa mbele ya kwa Spéciose. Yeye na mimi tulikuwa tumegawana mfereji wa maji na magomvi ya mfereji, si zaidi ya hapo, na waliokuwa wakivunja milango walikuwa wa upande wake, mmoja ni kaka yake, alifungua mlango wake kidogo, akaona, akarudi ndani, nikasema moyoni basi, amefunga, akatoka na Loïc, mwanawe, amemkalisha kizingitini, anamvua viatu, vile vya turubai vya shule, mtoto analia vyangu, vyangu, na yeye anavivua. "Leta mguu," akaniambia. Nikasema Spéciose, na huyo? "Loïc iko na vingine mu nyumba," akasema, na mimi nimefua nguo naye miaka mitatu, namjua Loïc, hakuwa na vingine. Vikawa vikubwa. Risasi zinalia, na yule mwanamke akachana pindo la kitenge chake, akatoa kioo kwenye wayo wa Seifu, akafunga kidonda, kipande kingine akakijaza mbele ya kiatu, akabonyeza kwa dole gumba mahali vidole vinapoishia, kubonyeza kulekule kwa baba yangu, bila haraka, akauliza, "Inabana? Sema kweli." Akamuuliza mtoto wangu, inabana, sema kweli, na Seifu akasema haibani, na safari hiyo ilikuwa kweli.

Sijui yuko wapi. Mutakura haturudi, na mtu anayekwenda huko hakuna… "Wifi, umelala? Kalamu imesimama." Haijasimama, wifi, imelala, ndiyo maana. Mwenzangu alimwacha wake miguu mitupu ili kiatu kimkae wangu, na mimi, kwa kumkomoa mwanamume aliye mbali, nampunguza wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na nikajiona mjanja. Si Houda wa kudharauliwa hapa. Si Anouar na mashine yake. "Weka nafasi, sikia," anasema Houda, ameinama sasa, sauti imeshuka, "mbele ya vidole, weka nafasi, batoto wanakua mbio, mpaka mufike kule atakuwa mukubwa, mi sitamujua tena," na anacheka, kicheko kibaya, cha puani, na mimi nauona mkono wake ulioushika huo mguu, haukushika kuku, nani alisema kuku, dole gumba linapita juu ya mguu wa mtoto, linakwenda na kurudi, hajui kwamba linafanya hivyo. Huyu ndiye aliyenipa kitanda chake siku tuliyofika hapa, akasema mgongo wake unapenda chini, nikamwamini kwa kuwa nilikuwa nimechoka, na mwaka mzima sasa mgongo wake unapenda chini, na Raihana akiamka na ndoto anamfuata yeye mkekani, si mimi. Na kutwa nzima amekaa hapa ananisifia mbwa wa Ubelgiji. Spéciose na viatu vya ndani ya nyumba, huyu na mgongo wake, waongo wakubwa wote wawili, ila uongo wao unaongeza, wangu unapunguza… Haya. Kifutio hakuna. Nyanyua mguu, mama, nageuza karatasi, upande huu ni safi, kanyaga tena, ndiyo, tena. "Unafanya nini? Si ilikuwa karibu kwisha?" Iliharibika, wifi, niitie na Seifu. "Seifu? Si yake ilishamalizika?" Ilimalizika vibaya, naanza upya, na karatasi nyingine unipe, nitaweka na mguu wangu, arobaini, aone. Ananitazama. Amesikia, nadhani, kwamba tunakwenda, maana hamwiti Seifu, na kuhusu mbwa haongei tena. Sijaipenda Ubelgiji. Jirani asiyejua jina langu nitagonga mlango wake nimwambie, je suis Mwantum, basi, ndicho nilichonacho, akicheka acheke. Kalamu wima. Kidole gumba, nafasi mbele, kidole kidogo, sasa nashuka upande wa nje, taratibu, haili nyama, mstari unatoka mkubwa, mguu mkubwa kumbe, lini umekuwa hivi, nafika kisiginoni, na hapo iko mikono ya Houda, vidole viwili vimekizunguka kisigino. Toa kidole, wifi, nasema. Hakitoi. Simwambii tena, nangoja, kalamu imesimama kando ya kidole chake.