Shingo ya Febronia

Misimu miwili ya mvua Febronia alisonga ugali akiwa na beseni kichwani. Jiko lake pale Mitundu lilikuwa la nyasi, na nyasi zenyewe zilichoka zamani, zikawa zinavuja. Mwaka huu mumewe, Chediel, aliamua kuezeka nyumba nzima kwa bati, kwa fedha ya ndoo kumi za asali waliyorina pamoja. Akapiga hesabu. Ndoo ni lita ishirini, lita ni elfu saba, ndoo kumi ni milioni moja na laki nne. Bati moja elfu ishirini na nane. Yakatoka mabati hamsini.

"Yanatakiwa hamsini na tano," alisema. "Yatapungua matano tu."

"Ya wapi?"

"Ya jikoni."

Hakusema kwa ubaya. Chediel alisimamia pampu ya maji ya kijiji miaka kumi na sita, na kwake jibu likishatoka, limetoka. Jibu hilo lilimuuma Febronia.

Mnunuzi wao wa miaka yote alikuwa Ignas, aliyepima kwa ndoo. Wiki ile akaja mama mmoja kutoka Utemini, Singida mjini, jina lake Editha, na mizani ya kuning'iniza. Yeye alinunua kwa kilo, elfu tano na mia tano.

"Elfu tano na mia tano," Chediel alirudia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Ignas anatoa elfu saba."

"Kwa lita, baba. Mimi nasema kilo."

"Lita ni kilo, mama. Nimepima maji miaka kumi na sita."

Editha hakubishana. Alisema atakuwepo mpaka kesho saa nne asubuhi, akaenda zake. Majirani walimpongeza Chediel kwa kukataa mizani. Mizani ilishawaliza wote kwenye alizeti, wakati ndoo kila mtu anaiona ikijaa.

Febronia hakupongeza. Mbebaji alikuwa yeye. Ndoo ya maji aliibeba bila kuishika, huku akipiga soga. Ndoo ya asali ilitaka watu wawili wa kumtwisha, na njia nzima hakusalimiana na mtu. Ndoo zote mbili ni za lita ishirini. Kama lita ni kilo, basi shingo yake ilikuwa inamsingizia nani?

Kulipokucha alijaza chupa mbili za lita moja zinazofanana, moja maji, moja asali.

"Baba Loyce, nisindikize kwa Luciana," alimwambia mumewe.

Luciana alikuwa na duka lenye mizani ya sukari. Aliweka chupa ya maji. Ikasoma kilo moja na gramu chache, akatoa zile gramu za chupa tupu.

"Nilisema," alisema Chediel.

Akaweka ya asali. Akatoa za chupa. Ikabaki kilo moja na gramu mia nne.

Chediel aliomba mizani izimwe, iwashwe tena. Ikazimwa, ikawashwa. Akaigeuza chupa, akailaza ubavu. Asali haikubadili msimamo.

Febronia alihesabu kwa vidole. "Kilo ni elfu tano na mia tano. Gramu mia ni mia tano na hamsini. Hizo ziko nne, elfu mbili na mia mbili. Jumla?"

"Elfu saba na mia saba," alisema Luciana, ambaye hakuulizwa.

"Lita ile ile ya Ignas. Imezidi mia saba. Tuna lita mia mbili, baba Loyce. Zidisha, halafu gawa kwa bati."

Chediel alitazama dari la duka, midomo ikicheza. Alichukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe.

"Matano," alisema.

Saa tatu na nusu Editha alikuwa uani kwao, akipima ndoo moja moja na kutoa uzito wa ndoo tupu. Chediel alisimama karibu na mshale wa mizani kama anayelinda mgodi. Ndoo ya mwisho iliposhuka, aliuliza Ignas huwa anaipeleka wapi asali yake.

"Ananiuzia mimi."

"Kwa lita?"

"Kwa kilo, baba."

Chediel akaanza kuhesabu kwa vidole.

Novemba mvua ya kwanza ilinyesha kwa vishindo. Sebuleni Chediel alikuwa akiwaeleza wageni kwamba yeye tangu zamani alijua asali ni nzito. Akaja jikoni kuulizia chakula, akasimama mlangoni.

"Mama Loyce, hilo beseni la nini?"

Febronia akapeleka mkono kichwani. Alikuwa amelivaa kwa mazoea, bati juu likipiga kelele na chini pakavu kabisa. Akalitua. Shingo ikawa nyepesi, akabaki amesimama anasikiliza mvua, na alifurahi mpaka ugali ukaungua.