Tagi na Ngamia wa Kitovu

Hebu niambie, wewe unapenda meli ya aina gani? Usicheke. Mimi niliulizwa swali hilo nikikama ngamia, nimesimama kwa mguu mmoja, chombo cha maziwa kimekaa juu ya goti la pili, hapa Garissa ambapo maji makubwa tunayoyajua ni ya mto Tana.

Aliyeniuliza ni mjukuu wangu Samsam. Mama yake yuko Lafey, mji wa mbali mpakani. Mtoto nimemlea mimi tangu aache ziwa, na sasa ana miaka kumi na tisa. Alikuwa na simu mkononi, ananionyesha picha.

"Chagua moja, ayeeyo," akasema. Ndivyo Wasomali tunavyomwita bibi, na mimi humwita yeye vivyo hivyo.

Nilitazama bila haraka. Meli ya makontena niliikataa, imepangwa masanduku kama rafu za duka. Ya mafuta ilikuwa ndefu, bapa, haina sura. Nikachagua ya mifugo. Ilikuwa na ghorofa tisa, kila ghorofa mazizi, mabomba ya maji yanapita juu ya vichwa vya mbuzi, na feni kubwa za kuingiza hewa.

"Aliyeijenga hii alilelewa na mama mfugaji," nikasema.

Samsam akacheka. "Nyingine zilikuwa za kubeba magari, ayeeyo. Zikizeeka ndiyo zinatiwa mbuzi. Mimi naipenda hii." Akanionyesha kitu kifupi, kinene, kimening'inizwa matairi ubavuni.

"Hii ni meli ama ni punda?"

"Ni tagi. Tumbo lote ni injini. Inageuka palepale iliposimama. Na ile yako ya ghorofa tisa haiingii bandarini mpaka hii iivute."

"Basi ni punda," nikasema, nikaendelea kukama. Nilidhani ni mchezo wa simu.

Karibu nasi alisimama Addey, ngamia wa Samsam. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake hufungwa kwa mnyama, na mnyama huyo pamoja na uzao wake huwa mali ya mtoto. Nilikifunga mimi mwenyewe, kwa uzi mweusi, shingoni mwa ndama jike. Ukame ulimchukua yule ndama alipokwisha kukua, ukachukua na uzao wake, akabaki binti yake Addey peke yake. Ndugu zangu walinisihi nimuuze. Nilikataa. Kuna miezi nilimnunulia nyasi huku mimi nikinywa chai kavu.

Wiki iliyofuata, siku ya mnada, nilipeleka maziwa soko la mifugo. Samsam alikuwa ametoka alfajiri, akisema anampeleka Addey kunywa maji. Nikaweka jerikeni zangu kwenye kivuli cha lori, nikainua macho.

Addey alikuwa amesimama katikati ya ngamia wa dalali Noordin. Sikio la kushoto lina ule mkato wetu. Shingoni ile alama yetu ya moto. Na ubavuni rangi nyekundu, mbichi, ile anayopakwa mnyama aliyekwisha kuuzwa.

Niliziacha jerikeni palepale, nikamwendea. Halafu sauti ikaja yenyewe.

"Mwizi! Noordin ameiba ngamia wa kitovu!"

Wanaume waliokuwa wakipatana bei kwa vidole, mikono imefichwa chini ya shuka, waliichomoa wakaja mbio. Mmoja akamkaba Noordin kola. Kofia yake ikaangukia mavi ya mbuzi.

"Mama Qali! Miaka kumi nakunywa maziwa yako, leo nikuibie?"

"Walaahi leo utalala ndani!"

"Muulize muuzaji basi. Amesimama nyuma yako."

Nikageuka. Ni Samsam, kamba ya Addey mkononi, midomo imemkauka.

"Kumbe mwizi ni mwenye mali!" mtu akapiga kelele, soko likacheka.

"Nimepata nafasi chuo cha mabaharia, Mombasa, na karo hatuna," akasema. "Naenda kujifunza kuendesha tagi."

"Ile punda?"

"Ile punda, ayeeyo."

"Na Addey?"

"Anapelekwa Uarabuni. Kwa meli kama ile uliyoichagua."

Nilijuta kuisifu. Nikasema, "Na hukuniambia."

"Wiki nzima nilikuonyesha picha, ukanicheka. Ningekuambia ungelia, na ungelia ningebaki."

Noordin aliokota kofia yake, akaipangusa. "Mali ni yake, najua," akasema. "Lakini ngamia wa kitovu simpakii kwenye lori huku bibi aliyekifunga kitovu analia. Mama, sema. Apande, ama arudi nyumbani?"

Addey alikuwa akitafuna tu, macho yake yamefumbwa nusu. Miaka yote hiyo nimewaambia ndugu zangu namlinda ngamia. Nikaitoa kamba mkononi mwa Samsam, ingali na joto la kiganja chake, nikaiweka begani kwa Noordin.

Kisha nikamgeukia mjukuu wangu, mbele ya soko zima, kwa kuwa nyumbani nisingeweza.

"Nilitaka ubaki, Samsam. Ngamia alikuwa kisingizio tu. Nilitaka ubaki nami."