Dona kwa Baba Romana

Kitendawili, wajukuu zangu. Mgeni kaja na koti. Koti nimewapa kuku, mgeni mwenyewe nimemla. Hamjui? Ni hindi la kukoboa. Babu yenu Kasimiri alikula hilo miaka ishirini na miwili, na mkoboaji nilikuwa mimi.

Ujanani, alipokuwa mgodini, aliona wakubwa wanakula ugali mweupe, akasema kwake hautapikwa mwingine. Basi hapa Kabungu nikawa natwanga, napepeta, naloweka siku tatu, natwanga tena, mpaka unga unang'aa kama chokaa. Pumba kwa kuku. Maharage hakugusa, aliyaita chakula cha wafungwa. Nami nilijisifu kisimani kwamba mume wangu hali makapi.

Mwaka 1975 tulikuwa tunakusanyika kwenye redio, darasa la Chakula ni Uhai. Siku moja akaja muuguzi kutoka Mpanda mjini, Sauda, akaongeza yake redio ilipozimwa. Akasema dona, yaani unga usiokobolewa, maharage na kunde vinalainisha choo na kuuweka utumbo vizuri, na wako madaktari wanaodhani walaji wa vitu hivyo hawapati sana saratani ya utumbo.

Shoga yangu Nyanzala akanifinya. "Umesikia, mama Romana? Basi kuku wako wataishi kuliko mzee wako."

Wanawake wakacheka. Mimi sikuweza. Kasimiri alikuwa anakonda tangu masika, choo chake kina damu, na alinikataza kumwambia mtu.

Siku hiyo hiyo nikampikia dona na maharage.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

"Kula, baba Romana. Ni dawa."

"Dawa gani hii ya jela."

Lakini alikula. Nilimbembeleza siku tano, mara kunde, mara maharage, nikiona nalipia miaka yote ile. Alipokunja uso nilisema dawa ndivyo ilivyo. Siku ya sita tumbo likavimba, likawa gumu, akawa anatapika, na chini hakitoki kitu, hata upepo. Kaka yangu Melkior akampakia kwenye baiskeli, tukamsukuma hadi hospitali mjini.

Daktari alimpapasa tumbo, kisha akaniita nje.

"Ulimpa nini, mama?"

Nikamweleza yote, na maneno ya Sauda pia.

"Sauda hakukosea. Chakula hicho kinamlinda aliye mzima. Huyu ana uvimbe, umeziba utumbo. Umepeleka mzigo kwenye njia iliyofungwa."

"Na ningempa tangu zamani?"

"Huenda ingesaidia. Lakini wako waliokula dona maisha yao yote na bado wakaugua. Siwezi kukuapia."

Wa kumpasua hapo hakuwepo. Treni ya kwenda Tabora, kwa wapasuaji, ilikuwa kesho kutwa. Mpaka hapo asile kitu, hata uji.

Walimpitishia mpira puani, kutapika kukatulia. Nikamkuta kalala ubavu, magoti kayakunja. Nikamwambia ni mimi niliyemzidishia maradhi.

"Nyamaza. Ulipika vizuri," akasema. "Yale maharage ya juzi uliyatia karanga?"

"Niliyatia."

"Nilijua." Akalamba midomo. "Nina njaa, mke wangu."

Kitanda cha pili mama mmoja alikuwa anamlisha mwanawe, wodi nzima inanukia mchuzi. Nikainuka nikamfunika miguu. Ilikuwa imeshafunikwa.