Bunduki ya Bega la Gwakisa

Mimi sina subira, nalisema hilo mapema usije ukanishangaa mbele ya safari. Fausta, mke wangu, anasema hasira zangu ziko karibu kama kiberiti cha mvuta sigara. Na kweli, haya yote yalianza na hasira, tena hasira ya sahani ya pilau.

Ilikuwa harusi ya binti wa mchungaji wetu hapa Tunduma. Nyama ya nyamera, yule mnyama wa jamii ya kongoni, iliyoliwa siku ile niliileta mimi, kwa kibali changu na kwa risasi yangu. Mshereheshaji akatangaza kwamba sahani ya kwanza ni ya mwindaji wetu. Nikafunga kifungo cha koti, nikainuka nusu. Sahani ikanipita, ikaenda kutua mbele ya Gwakisa. Watu wakapiga makofi. Nyuma yangu jamaa mmoja akasema bunduki ni ya Efraimu lakini macho na miguu ni vya Gwakisa, Efraimu kazi yake kuvuta triga tu. Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Nikakaa chini polepole na pilau yenyewe haikushuka.

Sasa umjue Gwakisa. Ni mtu wa Ikinga, kule milimani Ileje, aliyehamia Ivuna na mkewe Tusekile, mama Tumaini, kufuata kazi ya chumvi. Kiangazi anachemsha chumvi, na msimu wa uwindaji ukifunguliwa tunaingia porini pamoja. Amenizidi miaka minne, kwa hiyo namwita kaka. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyebeba bunduki yangu mpaka penye mnyama, na bunduki ile ilikuwa gogo. Niliirithi kwa baba mkwe, kitako chake kikavunjika, fundi mmoja wa Igamba akanichongea kingine cha mninga. Ukiweka na darubini, ni kilo tano kasoro robo. Bega la kulia la Gwakisa limeshuka, ukimtazama kwa nyuma utadhani shati limekatwa vibaya.

Na tulikuwa na utaratibu wetu. Kwenye mbuga ya Rukwa unapiga kutoka mbali, mita mia mbili, mia tatu, maana pa kujificha hakuna. Majani yote yanafanana. Ukishapiga, ukiinuka na kuanza kutembea, pale aliposimama mnyama hupaoni tena. Ndiyo maana mpigaji haondoki. Mimi nilibaki nimelala palepale, jicho kwenye darubini, Gwakisa anatembea mbele, nami namwelekeza kwa kofia, kulia, kushoto, simama. Akifika kwenye damu anainua mkono. Kanuni yake ilikuwa moja tu, kwamba damu haiachwi. Mnyama uliyemjeruhi unamfuata hata kama ni siku tatu.

Baada ya harusi ile nikaamua nitafute bunduki nyepesi, ya kubeba mwenyewe. Sikumwambia mtu sababu. Nilipokamilisha mambo ya polisi na leseni, nikapanda basi mpaka Dar es Salaam, na mizani yangu ya kuning'iniza mfukoni, ile ninayopimia maharage. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, bwana. Siamini kilo za kuambiwa.

Dukani nilimkuta dada mmoja mtaratibu, Ruti. Alicheka kidogo kuona natundika bunduki kwenye ndoano kama mbuzi, lakini akaniacha. Nilipima tano, zote za bolti, zile unazokoki kwa mkono kila risasi. Moja ilikuwa na kitako cha plastiki ngumu na mtutu mwembamba, ikasoma kilo mbili na nusu. Nikaiweka begani na kweli ilikuwa kama nimebeba mwavuli. Ruti akaniambia nisiikimbilie. Bunduki nzito hutulia yenyewe, alisema, lakini nyepesi hucheza na pumzi yako, na inarusha bega nyuma kwa nguvu. Mtutu mwembamba nao ukishapiga mara tatu unapata joto na risasi zinaanza kutawanyika. Kwa masafa marefu, akasema, ni nzuri kwa mtu mtulivu mwenye mwenzake pembeni.

Kisha akaniuliza, "Nani anaibeba?"

"Kaka yangu," nikamjibu. "Bega lake limeharibika kwa kunibebea. Nataka apumzike."

Sijui ule uongo ulitoka wapi. Sikuupanga. Lakini Ruti alinitazama kwa macho ya heshima, na mimi nikajisikia mtu mwema kuliko nilivyowahi kujisikia. Nikailipia ile nyepesi, na nilipofika nyumbani nikampa Fausta uongo uleule. Jioni Gwakisa akapiga simu, nikampa na yeye. Akasema Mungu akubariki, baba Violet, sikujua kama ulikuwa unaliona bega langu. Mimi nilikuwa naliona kila siku tangu lilipoanza kushuka, na sikuwahi kulijali.

Msimu ukafunguliwa, kibali kikatoka. Gwakisa akauliza, nikamwambia bado, wanatusumbua ofisini. Alhamisi moja nikaendesha mpaka Rukwa peke yangu kwa njia ya upande wa pili, nisipite kwake. Nilitaka nilete nyamera Tunduma, watu waulize Gwakisa yuko wapi, na mimi niseme tu, sikuwa naye.

Nilimpata nyamera mmoja pembeni ya kundi, mita mia tatu na hamsini hivi. Nikalala chini. Bunduki ilikuwa inacheza na pumzi yangu, kama alivyosema dada wa watu. Nikavuta. Mnyama akaanguka, nikakoki, akainuka, akaondoka anachechemea na kundi likamwacha. Na mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, nikainuka mbio kumfuata! Hatua mia moja tu nikawa sijui naelekea wapi. Nilizunguka majani yale mpaka jua likainama. Sikuona hata tone. Nikarudi kwenye gari, nikamwambia Fausta nilikwenda Mlowo kuangalia mahindi.

Jumamosi alfajiri simu ikaita. Alikuwa Gwakisa. Alisema Mbonile, yule mchunga ng'ombe jirani yake, ameona jana nyamera peke yake, paja limevimba, ana damu. Majangili hao, alisema. Najua kibali chako bado, lakini zungumza na afisa wanyamapori, tukammalize. Damu haiachwi, baba Violet.

Ningekataa vipi? Nilikwenda.

Tusekile alinipokea uani kwa mikono miwili. Akaomba aione bunduki. Nikaitoa kwenye ala, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, kisha akaiweka mwenyewe kwenye bega la mumewe, lile lililoshuka. Akacheka jinsi ilivyokaa. Akaniambia Jumapili iliyopita alisimama kanisani akatoa shukrani kwa ajili ya shemeji yake, Efraimu wa Tunduma, aliyenunua bunduki kwa sababu ya bega la mtu. Akina mama waliimba, alisema. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu.

Gwakisa akaniuliza kama afisa amekubali. Nikasema ngoja nimpigie, nikasogea kando, nikaweka simu sikioni. "Ndiyo, mkuu. Ndiyo. Sawa, mkuu." Gwakisa akanitazama kidogo, akasema haya, twende. Tulipopita nyuma ya mashimo ya chumvi nikaona jirani yao amesimama juu ya kichuguu, anaongea na simu kwa sauti. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kwa Gwakisa hakuna mtandao mpaka upande kichuguu kile. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea. Gwakisa alikitazama kichuguu, akaendelea kutembea.

Mbonile alituonyesha alipomwona nyamera. Nilidhani tutafuata mbele, lakini Gwakisa akarudi nyuma na nyayo. Alitaka kwanza ajue mnyama alipigiwa wapi. Saa nzima alitembea ameinama, sisi nyuma, na kila alichokiona alikisema kwa sauti ya kawaida tu. Huyu mtu alizunguka hapa. Huyu mtu alipita hapa mara mbili, alikuwa amepotea. Huyu mtu kisigino cha kushoto kina kiraka cha tairi.

Kiraka kile nilitiliwa na fundi viatu wa sokoni Tunduma. Na mimi kwa akili zangu nyingi nilikuwa nimevaa viatu vilevile! Nikaanza kukanyaga kwa vidole. Gwakisa hakugeuka kunitazama, ila alipunguza mwendo, kama mtu anayemsubiri mgonjwa.

Mahali nilipokuwa nimelala siku ile, majani yalikuwa bado yamelala. Aliinama, akaokota ganda la risasi, akalinusa, akalitia mfuko wa shati. "Huyu mtu alikuwa peke yake," akasema. "Hakuwa na wa kumwelekeza." Nikaona haya mpaka kisogoni.

Ndipo tukamfuata mnyama. Tulimkuta amesimama kwenye kivuli chembamba cha mgunga, kichwa chini, nzi wamemjaa pajani. Hakukimbia. Siku mbili alikuwa amesimama na ule uchungu kwa sababu ya sahani ya pilau. Niliinua bunduki, mtutu ukaandika hewani. Nikashusha. Nikainua tena, vilevile.

Gwakisa akaja mbele yangu, akapiga goti, akaziba masikio. Alinipa bega lake la kulia niegemeze mtutu. Ikatulia. Nikavuta, nyamera akaanguka na hakuinuka.

Nikakoki, ganda likaruka majanini. Gwakisa akaliokota, akalitoa na lile la mfukoni, akaniwekea yote mawili kiganjani.

"Hili la leo," akasema. "Hili la Alhamisi."

Mbonile alikuwa amekwenda kuwaita wenzake waje kusaidia. Tulibaki wawili. Nikamwambia kila kitu, harusi, makofi, Ruti, kibali kilichotoka zamani, Mlowo ambako sikwenda. Nilisema haraka haraka, nikitegemea atanikatiza anitukane, maana matusi ningeyaweza. Yeye alikuwa anafuta kisu kwenye majani, kisu ambacho hakikuwa na damu.

"Ni ile pilau?" akaniuliza.

"Ndiyo, kaka."

"Ungeniambia. Ningekupa sahani."

Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema, ingawa siku ile niliona. Kwa kawaida paja la kulia ni la Gwakisa, na huwa analikata yeye kabla ya chochote. Mara hii hakukata. Mbonile aliporudi na watu, Gwakisa akamwambia paja lile achukue yeye. Akasema yeye hakuwinda.

Tulianza kurudi, mimi nimebeba bunduki. Ni nyepesi kweli, mizani yangu haikunidanganya, lakini njia nzima nilikuwa naihamisha bega hili na lile. Tulipokaribia mashimo ya chumvi Gwakisa akasimama. Nilijua sasa anasema. Nilijiandaa kuambiwa nisikanyage tena kwake, na ningemwona ana haki.

Akanyoosha mkono. "Nipe niibebe."

Nikamwambia aache, amechoka, bega linamuuma.

"Mama Tumaini yuko mlangoni anatutazama," akasema. "Ameshatoa shukrani kanisani. Akiona ninarudi mikono mitupu na wewe ndiye umebeba, atauliza, na mimi sijui kumdanganya. Nipe mpaka nyumbani. Kule utaichukua, uende nayo popote unapotaka kwenda."

Nikampa. Akaiweka bega la kulia, akatangulia. Alijitahidi kutembea wima, na ilionekana kwamba anajitahidi.

Tusekile alitoka kutulaki. Akamwita jirani yake aje aone, tazama anavyotembea, amekuwa kijana. Gwakisa akacheka pamoja naye, akasema kweli, haina uzito kabisa. Kisha Tusekile akaingia ndani akatoka na kifuko cha chumvi, ile safi ya juu wanayoitenga kwa ajili ya wageni wa heshima, akanikabidhi akiwa amepiga goti. Nilimtazama Gwakisa. Alikuwa anaitia bunduki kwenye ala yake, anafunga vifungo kimoja kimoja, mgongo amenielekezea.

Niliipokea chumvi kwa mikono miwili, nikasema asante, shemeji. Iko jikoni kwetu mpaka leo. Fausta akitaka kuifungua namwambia aiache, nitamnunulia nyingine dukani.