Shauri la Karatasi Zilizoshikana

Usiku wa jana niliota niko kazini, na saa za ndotoni hazihesabiwi kuwa za ziada. Mimi ni mhazili wa shule ya sekondari hapa Njombe. Julai hii baridi yetu ni kavu hata midomo inapasuka.

Katika ndoto ni saa mbili asubuhi. Mkuu wa shule, Mwalimu Mlowe, amesimama mlangoni.

"Dada Twilumba, mtihani unaanza saa nne. Watoto mia mbili wameshakaa."

Natoa rimu ya karatasi stoo, ambako kuna baridi kama kisimani. Naileta ofisini, nataka kuichana.

"Mgeni hachanwi mlangoni," inasema rimu. "Nimetoka kwenye baridi. Nipumzike humu chumbani siku nzima, ndipo unifungue. Imeandikwa ubavuni mwangu."

Nasoma. Kweli, imeandikwa.

"Mtihani ni saa nne," naiambia.

"Ndivyo mlivyo nyinyi," inajibu, na kugeukia ukutani.

Naichana hivyo hivyo. Ili nisionekane mkatili, naziweka karatasi karibu na jiko la mkaa zipate joto. Zinajikunja kingo, zinatoa cheche, zinakumbatiana mbili mbili. Nazitia kwenye mashine ya kuchapa.

"Napokea mmoja mmoja," inasema mashine.

"Sisi ni mke na mume," zinajibu karatasi. "Ukavu umetuozesha."

"Basi hilo si langu. Nendeni mbele."

Sasa tuko mahakama ya mwanzo. Sikumbuki kutembea. Hakimu ni beseni la maji lililokaa kitini, na wote tunaingia kwa kunyata lisije likamwagika.

"Twilumba Mgaya," linasema beseni, "chumbani kwako kulikuwa na beseni?"

"Hapana, Mheshimiwa. Kulikuwa na jiko."

"Kwa nini hukuniweka pembeni, hewa ikapata unyevu?"

"Nilidhani maji na karatasi ni maadui."

"Wakigusana, ndiyo. Wakikaa chumba kimoja wanaheshimiana. Kuna ndoa nyingi za namna hiyo."

Mwalimu Mlowe ananyoosha mkono. "Mheshimiwa, watoto bado wamekaa."

"Waendelee. Mshtakiwa ahifadhiwe kama karatasi inavyotakiwa kuhifadhiwa."

Wananifunga ndani ya karatasi ya nta, wananilaza bapa kwenye rafu. Sakafuni hapana, na kusimamishwa hapana, nisije nikapinda. Nasubiri kuogopa, lakini hofu haiji. Miaka kumi na moja kazini, hakuna aliyewahi kuniambia nipumzike siku nzima. Imebidi nihukumiwe. Nalala kimya, viganja vyangu vinalainika taratibu.

Siku ikiisha, Mwalimu Mlowe anakuja, ananifungua, ananipepeta kidogo nisishikane na mtu, ananiweka kwenye trei.

"Samahani, dada yangu," anasema. "Sikujua kama unachoka."

"Hata mimi, Mwalimu."

Anabonyeza. Mashine inanimeza kuanzia kichwani.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia ndani. Mume wangu, Edomu, alikuwa amekaa mwisho wa kitanda, ameinua kisigino changu kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kakuandika hapa?"

"Pameandikwa nini?"

"Ukurasa wa tatu kati ya kurasa nne."

Akapitisha kidole gumba juu yake, kisha akakitazama. Wino ulikuwa bado una joto.